Tumbo Tu

Sebuleni kwa bibi, Buzuruga, kuna picha ya shangazi yangu aliyefariki kabla sijazaliwa. Amesimama mbele ya pazia la studio lililochorwa maporomoko ya maji, amevaa gauni la maua na viatu ambavyo, kwa maelezo ya bibi, vilikuwa vya jirani. Alikuwa na miaka 19. Utotoni niliuliza mara nyingi alikufa kwa ugonjwa gani, na kila niliyemuuliza, babu, baba, hata majirani waliomjua, alinijibu kwa maneno mawili: tumbo tu.

Nilikua nikidhani hilo ni jibu kamili. Watoto wa Kanda ya Ziwa tunalijua tumbo. Kuna tumbo la kichocho, unalolipata kwa kuogelea ziwani. Kuna la minyoo, la taifodi, la embe mbichi. Sikuona ajabu kwamba mojawapo lilimwua mtu.

Sasa nasoma shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu inahusu miezi sita ambayo Ulaya ilikataa samaki wetu. Mwishoni mwa Desemba 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji wasiingie katika soko lake, kwa hofu ya kipindupindu. Zuio liliondolewa Juni 1998. Kwa Mwanza, mji uliokuwa umejenga viwanda vyake vya minofu juu ya mgongo wa sangara, lilikuwa pigo kubwa. Makaratasi ninayoyasoma yamejaa tani zilizokwama na fedha za kigeni zilizopotea. Ugonjwa wenyewe hutajwa kwenye aya ya kwanza, kama sababu, kisha hausikiki tena.

Jioni moja ya mwezi Machi nilikuwa nimeyatandaza mezani kwa bibi. Nje mvua ilikuwa imeanza, ile inayokuja kwa kishindo kwenye bati hadi mnalazimika kupaza sauti.

"Mume wangu, hayo makaratasi yote yanasema nini?"

Bibi huniita mume, kama bibi wengi wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, na nikimuudhi hutishia kudai talaka. Nikamwambia yanahusu samaki, ule mwaka Wazungu waliposusa sangara kwa sababu ya kipindupindu. Alikuwa anachambua choroko kwenye ungo. Mkono wake ukasimama.

"Basi na huyo," akasema, akiielekezea picha kidevu, "ndiyo ilikuwa hiyo."

Kisha akaendelea kuchambua.

Sikujua la kusema, na mwanafunzi wa historia asipojua la kusema hukimbilia vitabuni.

Kipindupindu kina kwao. Bakteria wake wamezoea maji ya delta ya Bengal, pale Ganges na Brahmaputra zinapoingia baharini na maji baridi kuchanganyika na ya chumvi. Sehemu kubwa ya delta hiyo leo ni Bangladesh. Mwaka 1817 ugonjwa ulilipuka Jessore, na safari hii haukubaki huko: ulipanda meli, ukafuata vikosi vya jeshi, wafanyabiashara na mahujaji, na katika miaka michache ukawa umefika Uchina na Ghuba ya Uajemi. Pwani yetu haikuwa mbali. Majahazi yalikuwa yanakuja na kaskazi kila mwaka, kama kawaida, na tende na vitambaa.

Mtu aliyeandika kwa undani jinsi ulivyotufikia ni James Christie, daktari Mskoti aliyefanya kazi Unguja. Kitabu chake, kilichochapwa London mwaka 1876, kinafuatilia milipuko ya Afrika Mashariki kuanzia 1821 hadi 1872. Kina kasoro za wakati wake, na kuna kurasa nilizozisoma nikiwa nimekunja uso. Lakini Christie alifanya jambo ambalo wenzake wengi hawakulifanya: aliwauliza waliosafiri. Aliongea na watu wa misafara waliotoka bara, akapanga majibu yao kama mtu anayepanga vituo vya basi. Ndivyo alivyofikia hitimisho kwamba wimbi la 1869 halikuja kwa bahari kama yaliyotangulia. Lilitembea kwa miguu kutoka kaskazini, likapita nchi ya Wamasai, likashuka Pangani, na kutoka hapo likavuka hadi Unguja. Hiyo ilikuwa miaka mingi kabla Robert Koch hajawatambua bakteria wenyewe kule Calcutta mwaka 1884.

Nilipofika hapo nikaikumbuka Mwanza ya vitabu vya shule. Tulifundishwa kwamba tarehe 3 Agosti 1858 John Speke alisimama kwenye kilima cha huku, akaliona ziwa na kulipa jina la malkia wake. Hatukufundishwa kwamba yeye na Richard Burton waliporudi pwani na kufika Kilwa mapema 1859, walikuta kipindupindu kikiua watu. Siku hizi naisoma safari ile kama habari ya barabara. Njia iliyopitisha pembe, watumwa, nguo na mzungu mwenye daftari ilikuwa tayari kupitisha kitu kingine chochote. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928 na kurahisisha kila kitu, kizuri na kibaya.

Wimbi tunaloishi nalo sisi ni la saba. Lilianzia Sulawesi, Indonesia, mwaka 1961, likaingia Afrika mwaka 1970. Tanzania iliripoti wagonjwa wake 10 wa kwanza wa wimbi hilo mwaka 1974. Tangu 1977 likawa jambo la kila mwaka. Mwaka 1992 waliugua 18,526 na kufa 2,173. Mwaka 1997 waliugua 40,249 na kufa 2,231.

Shangazi hayumo katika hesabu hizo. Hayumo hata katika ya mwaka uliofuata, ambao ndio aliofia, kwa sababu alifia nyumbani na akazikwa kama mtu wa tumbo tu.

Bibi hahesabu kwa miaka kama mimi. Kwake hilo lilitokea "mvua ya pili baada ya Bukoba." MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, Mwanza ikiwa inaonekana, na watu wa rika lake bado wanaitumia kama kalenda. Mvua anayoisema ni ya El Nino, iliyoanza mwishoni mwa 1997 na kuendelea hadi mwaka mpya. Ndiyo iliyonipa mimi jina langu la Kisukuma. Nilizaliwa ingali inanyesha.

Kuielewa mvua ile unahitaji kuijua Mwanza. Mji wetu umejengwa juu ya mawe na katikati ya mawe. Watalii huyapenda. Mwenye nyumba ya mlimani huyapenda kidogo kidogo, hasa siku ya kuchimba choo, maana jembe hugonga mwamba kabla shimo halijafika magotini. Kwa hiyo choo hakichimbwi, kinajengwa kwenda juu: unazungusha ukuta wa mawe, unapanda ngazi mbili tatu, na chini, upande wa mteremko, unaacha tundu lililozibwa. Kikijaa, unasubiri mvua kubwa. Usiku, maji yakiwa yanashuka kwa nguvu, mwenye choo anazibua tundu. Kitendo hicho kina jina lake kabisa, kutapisha choo, na kila mtu analijua, na hakuna aliyewahi kukifanya. Kinachotapishwa kinateremka kwenye mifereji hadi mabondeni, kinaingia Mto Mirongo, kinapita Mabatini na katikati ya mji hadi ziwani. Na ziwani ndiko tunakochota.

Mwaka 1967 Mwanza ilikuwa na watu karibu 35,000. Mawe yalikuwa haya haya.

Januari 1998 familia ya babu ilikuwa na shida mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kwamba babu, mkata minofu katika kiwanda kimojawapo cha samaki, alikuwa ameambiwa akae nyumbani hadi atakapoitwa. Ya pili ilitokana na ya kwanza. Shangazi alikuwa akiuza mapanki, yale mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki minofu ikishatolewa, ambavyo hukaangwa na kuliwa na sisi ambao minofu si saizi yetu. Viwanda vikinyamaza, mapanki nayo yanapotea. Akaanza kuuza karanga kando ya barabara ya Musoma, akirudi na hela ya chumvi na mafuta ya taa.

Bibi alinieleza usiku wenyewe kwa vipande, kwa jioni tatu, na sikurekodi. Nilikuwa nimeshawahoji watu 11 kwa ajili ya tasnifu, nikiwa na fomu ya ridhaa na kinasa sauti, na mbele ya bibi yangu nikaona aibu kukitoa mfukoni.

Ilianza jua likizama. Hadi saa nne usiku alikuwa hatoi tena uchafu, anatoa maji yanayofanana na maji ya kuoshea mchele. Vitenge vikaisha. Babu alitoka kutafuta usafiri, akarudi amelowa. Mvua ilikuwa inanyesha na hakukuwa na gari la kupanda mlima usiku ule. Wakakubaliana asubuhi wambebe.

"Kila nikimpa kikombe anatoa viwili," bibi alisema. "Nikaona namwua mimi mwenyewe."

Mama mmoja mzima wa jirani, ambaye alizalisha nusu ya watoto wa mtaa ule, akamshauri amnyime maji ili tumbo likauke. Bibi akamnyima. Shangazi akaomba, kwa sauti kwanza, kisha kwa mdomo tu, maana sauti ilikuwa imeondoka. Bibi akawa anachovya pembe ya kanga na kumlowesha midomo. Alfajiri miguu ikamkaza, akapinda. Ukilisikiliza neno kipindupindu unaweza kuisikia ile hali ndani yake. Kabla watu hawajatoka msikitini alikuwa amekufa.

Walimzika siku ile ile na kusema tumbo. Sababu ya kwanza niliitarajia. Nyumba ikitajwa kuwa na kipindupindu wanakuja watu wa afya kupulizia dawa, na hakuna atakayekula chakula msibani. Ugonjwa huu una fedheha yake. Malaria ni bahati mbaya, kipindupindu ni uchafu wako. Sababu ya pili sikuitarajia, na tangu niisikie sijaweza kuyasoma makaratasi yangu kwa macho yale yale. Babu aliogopa kwamba kiwanda kikifunguliwa hakitamwita mtu aliyetoka kwenye nyumba ya kipindupindu. Ulaya ilikuwa imekataa samaki kwa sababu ya ugonjwa huo. Nani angempa kisu mkata minofu ambaye binti yake amekufa nao? Kwa hiyo zuio lililowekwa kwa ajili ya kipindupindu ndilo lililomfanya babu akifiche. Shirika la Afya Duniani lilisema wakati ule kwamba kuzuia chakula kwa njia hiyo hakuna msingi, lakini kauli hiyo haikufika Buzuruga. Kilichofika ni njaa.

Babu aliitwa tena mwezi Julai. Alikata minofu miaka mingine tisa na akafariki bila kulitamka neno lile.

Jioni ya tatu, baada ya kumaliza, bibi akaniuliza swali. Aliuliza bila kuniangalia.

"Wewe umesoma. Ningempa maji, angepona?"

Nilimwambia nitaangalia. Ni jibu la kipuuzi, kama vile ameniuliza nauli ya Dar. Ukweli ni kwamba nililijua jibu, au nilidhani nalijua, na nikahitaji muda wa kutafuta namna ya kulibeba.

Nilichokitafuta si kama maji yanatibu. Nilitaka kujua dunia ilichukua muda gani kujua kile ambacho bibi hakukijua.

Ilichukua muda mrefu mno. Kipindupindu kilipofika Uingereza mwaka 1831 na 1832, madaktari wenye vyeti waliwatoa wagonjwa damu, wakawapa dawa za kuwaharisha zaidi, na wengi wao wakawanyima maji kwa hoja ile ile ya mama wa jirani yetu. Kijana mmoja, William O'Shaughnessy, alipima damu ya wagonjwa akagundua imepungukiwa maji na chumvi. Daktari Thomas Latta wa Leith, Scotland, akamsoma, akachukua maji yenye chumvi na kuyaingiza kwenye mishipa ya watu waliokuwa wanakata roho, na baadhi wakaamka wakaanza kuongea. Ungedhani mambo yangeishia hapo. Latta alikufa mwaka uliofuata, jambo likasahaulika, na kwa miongo mingi madaktari wakaendelea na yao.

Dripu ilirudi baadaye na ikaokoa watu, kwa wale wenye hospitali. Swali la mtu asiye na hospitali likajibiwa kule kule ugonjwa ulikotoka. Mwaka 1960 ilianzishwa maabara ya utafiti wa kipindupindu Dhaka, wakati huo Pakistan ya Mashariki. Mwaka 1968 madaktari wawili vijana wa Kimarekani waliokuwa wakifanya kazi huko, David Nalin na Richard Cash, walionyesha kwamba mgonjwa wa kipindupindu akinywa maji yenye sukari na chumvi kwa kipimo sahihi, na kwa wingi unaolingana na anaoupoteza, haja ya dripu hupungua sana. Siri iko kwenye sukari. Utumbo wa mgonjwa unakataa chumvi ikija peke yake. Ikija na sukari, zinaingia pamoja, na maji yanazifuata. Maji matupu mengi yanapita tu.

Nilisoma sentensi hiyo ya mwisho mara nyingi.

Mwaka 1971, vita vya kuizaa Bangladesh vikiendelea, mamilioni ya wakimbizi walivuka kuingia India. Katika kambi ya Bongaon dripu zilikwisha na watu wakawa wanalala sakafuni katika matapishi ya wenzao. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi na sukari kwenye mapipa, na ndugu wa wagonjwa wakawanywesha kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Waliokuwa wanashika vikombe hawakuwa wauguzi. Walikuwa mama, baba, dada.

Bangladesh si pepo. Ni watu takribani milioni 170 katika eneo lisilofika moja ya sita ya Tanzania, mito inakula kingo na vijiji, kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000. Hata wokovu wao umewahi kuwageuka: visima vya bomba vilivyochimbwa kwa wingi ili watu waache maji machafu ya madimbwi vilikuja kubainika, miaka ya 1990, kuwa vingi vina sumu ya aseniki kutoka ardhini. Lakini kuna jambo moja walilolifanya ambalo nimelionea wivu. Kati ya 1980 na 1990 shirika la BRAC lilituma wanawake nyumba kwa nyumba, vijijini, wakafundisha kaya zaidi ya milioni 12 kutengeneza dawa hiyo jikoni. Hawakugawa karatasi, maana wengi hawakujua kusoma. Walifundisha kwa mkono: chumvi ya kushika kwa vidole vitatu, konzi ya guru, maji nusu sihi. Guru ni neno lao, *gur*, sukari guru ile ile ya kwetu. Baada ya wiki kadhaa alikuja mtu mwingine kuwauliza akina mama wanakumbuka nini, na mwalimu alilipwa kulingana na walichokumbuka.

Mwanzoni ilishindikana. Akina mama walikumbuka vizuri lakini hawakuitumia. Shirika lilipochunguza likakuta mambo mawili: wanaume hawakuwa wameelezwa, kwa hiyo walikataza, na walimu wenyewe, wakiugua, hawakuinywa. Walikuwa wanafundisha wasichokiamini. Yaliporekebishwa hayo, dawa ikaanza kunyweka.

Hiyo ni miaka 136 kutoka Latta hadi Nalin na Cash, mwingine zaidi ya 10 hadi mlango wa mkulima wa Bengal. Na kwetu? Kwetu pia ilikuwa imefika, hilo ndilo linalouma. Bibi alikuwa ameiona kliniki miaka ya 1980, ile pakiti ya kuchanganya na maji.

"Ile si ya watoto?" aliniuliza nilipoitaja.

Alifundishwa akiwa amebeba mtoto mgongoni, na muuguzi alimwambia: mtoto akiharisha, mpe hii. Mtu wa miaka 19 si mtoto. Hakuna aliyekuwa amemfikiria mtu wa miaka 19.

Jibu nililokuwa nimeliandaa lilikuwa la kihistoria, yaani la kukwepa. Nilimwambia kwamba madaktari wa Ulaya wenyewe waliwanyima watu maji kwa miaka mingi, watu waliosoma kuliko mimi, kwa hiyo asijilaumu.

Bibi akanisikiliza hadi mwisho.

"Mimi sikuwa daktari," akasema. "Mimi nilikuwa mama yake."

Basi nikamwambia jibu lenyewe. Kwamba maji matupu pengine yasingetosha. Kwamba maji yenye chumvi na sukari, mengi, bila kukoma, kikombe baada ya kikombe hata kama vinatoka viwili, yangeweza kumfikisha asubuhi, na asubuhi ingeweza kumfikisha kwenye dripu. Kwamba kipindupindu kisichotibiwa kinaweza kuua nusu ya waliozidiwa, na kikitibiwa mapema hakiui hata mmoja katika mia. Akauliza kama pasipo sukari ingewezekana, kwa kuwa mwezi ule sukari haikuwepo ndani. Hapa ndipo nilipotaka kudanganya. Wanga nao hufanya kazi ya sukari. Uji mwepesi wenye chumvi unasaidia. Na unga, bibi alikuwa ameshanieleza mwenyewe jioni ya kwanza, ulikuwepo.

Nikamwambia.

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama guru ninayoisema ndiyo ile ya kupikia gongo. Nikasema ndiyo. Akacheka kidogo, kicheko cha puani, akasema basi mtaani kwetu ilikuwa tele, ila ilikuwa kwenye kazi nyingine.

Kati ya Agosti 2015 na Januari 2018 kipindupindu kiliwapata zaidi ya watu 33,000 nchini na kuua zaidi ya 500. Mwanzoni mwa 2024 kilikuwa tena Kanda ya Ziwa. Sensa ya 2022 imezikuta Ilemela na Nyamagana zikiwa na watu zaidi ya milioni 1.1, na wengi wao wanapanda milimani kwa sababu ndiko kodi inakolipika. Kuna yaliyobadilika. Chanzo kipya cha maji cha Butimba kimeongeza lita milioni 48 kwa siku, na kwenye baadhi ya milima mamlaka ya maji imetandaza mabomba madogo ya majitaka yanayopita juu ya mawe, kutoka choo hadi choo, kwa kuwa kuchimba hakuwezekani. Yanachekesha kuyatazama, yananing'inia kama mizizi. Nyumba iliyounganishwa haihitaji kusubiri mvua. Zisizounganishwa bado zinasubiri. Juzi usiku, mvua ikipiga, nilisikia mtu juu yetu akigonga jiwe kwa jiwe, taratibu, na asubuhi mfereji ulinuka, na wote tukapita tukisalimiana.

Tasnifu bado haijaisha. Msimamizi wangu anasema sura kuhusu viwanda iko imara na hii ya nyumba moja haina ushahidi wa kutosha, na kwa kanuni za fani yuko sahihi. Sina hati. Nina picha ya studio, na mtu mmoja wa miaka 78 anayehesabu kwa meli.

Wiki iliyopita bibi alinipigia nikiwa maktaba. Kijana wa nyumba ya chini, dereva wa bodaboda, alikuwa anaharisha tangu alfajiri, na wenzake walikuwa wanabishana kama wampe maji. Akaniuliza vipimo. Lita moja ya maji yaliyochemshwa, nikasema, sukari vijiko vya chai 6 visivyojaa sana, chumvi nusu kijiko. Akanirudisha mara tatu. Nyuma yake nilisikia sufuria, na sauti ya mwanamume ikisema lakini mama, anatapika, na bibi akimjibu kwa ukali atapike, na wewe endelea kumpa, na mtafute gari sasa hivi, si kesho.

Nilipokwenda Jumamosi kijana alikuwa amesharudi kutoka kituo cha afya na anadaiwa hela ya bodaboda na wenzake. Bibi akanipa kalamu na kunielekeza kwenye kalenda ukutani, chini ya picha. Nikaandika vile vipimo kwa herufi kubwa. Akavaa miwani, akasoma, akanirudishia kalamu.

"Ongeza," akasema. "Na wakubwa pia."